Mtani wa Bondeni

Bustani ilianza kunichokoza asubuhi ile kabla hata sijapita vizuri langoni.

"Haya, pigeni vigelegele, Mzaramo kawahi kazini! Leo mvua itanyesha!"

Sauti ilitoka kwenye benchi la kwanza, lile la chini ya mti wa mkungu, na wazee wawili waliokuwa wanapanga kete za bao wakaangua kicheko. Mimi si mtu wa kuanza siku nikiwa nimeshindwa. Nikasimama mbele ya benchi, mikono kiunoni.

"Na wewe Mnyamwezi usiye na miguu, mshukuru Mungu hukupewa. Ungekuwa nayo, mpaka leo ungekuwa unabeba pembe za ndovu za watu toka Tabora mpaka Bagamoyo."

"Ningebeba, na ningefika. Ningekukuta Bagamoyo umekaa kibarazani unauliza ngoma inalia wapi."

Wazee wakagongeana mikono. Nimeshindwa, basi. Nikaenda zangu kuangalia nyasi huku najikaza nisicheke, maana akisikia umecheka anaongeza.

Jina langu Sikudhani Pazi, mlezi wa Bustani ya Msimbazi. Kwenye barua yangu ya ajira wameandika "msimamizi," lakini msimamizi husimamia kitu kisichojibu. Mimi ninalea. Na niseme wazi mapema ili tusisumbuane huko mbele: ninaipenda bustani hii kuliko nilivyowahi kupenda mahali popote. Joto la mji wetu siku hizi mnalijua. Ukitoka Kariakoo saa nane mchana kichwa kinachemka, lakini ukishuka ngazi za bondeni, ukafika kwenye mikungu na mivumo, mwili wenyewe unashusha pumzi. Kuna mama wa mihogo ya kukaanga, kuna wanafunzi waliolala juu ya vitabu vyao, kuna wachumba wanaojidai wanaangalia ndege. Jumamosi kuna mikeka mpaka mtu hana pa kukanyaga. Mji mzima unakuja kupumulia hapa, na mto unapita katikati, safi, unasema wenyewe.

Wageni huuliza kwa nini mabenchi yetu yanatukana watu, kwa hiyo nieleze kidogo.

Bustani hii ilijengwa ili izame. Toka milima ya Pugu mpaka hapa Jangwani, kingo za mto zimefukiwa masikio, vidude vya ukubwa wa kifuu cha nazi vinavyosikiliza maji. Chini ya nyasi kuna nyuzi nyembamba kama unywele zinazohisi uzito wa kila unyayo. Habari zote hizo zinakwenda kwenye akili moja, nayo ndiyo inayosema kwenye mabenchi, inayowasha taa, inayoendesha vigari vya kubebea wagonjwa na wazee. Mto ukifura, akili ile inafungua malango, maji yanaingia kwenye bakuli hili la nyasi na kulala humu badala ya kwenda kulala kwenye vitanda vya watu wa Mchikichini. Na kuna sheria moja iliyofungiwa ndani yake ambayo hata walioitengeneza akili hiyo hawawezi kuitengua: malango hayafunguki maadamu kuna unyayo wa mtu kwenye nyasi za chini. Sheria nzuri. Siku ilipotangazwa nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Sasa, mwanzoni bustani ilisema kama taarifa ya habari. "Mgeni mheshimiwa, tafadhali usitupe taka." Watu wakaiogopa. Wakafunika mabenchi kwa kanga, wengine wakayapiga mawe. Tukaitisha baraza, na aliyesimama kwanza alikuwa Bi. Mwajabu Kondo wa Kigogo, ambaye mdomo wake unaweza kumenya nazi.

"Kitu kinachosikia kila neno na hakicheki," alisema, "sisi kwetu tunakiita mchawi."

Mhandisi wetu wakati huo alikuwa Mihayo, Mnyamwezi wa Sikonge, mtani wangu wa kufa na kuzikana. Wazaramo na Wanyamwezi tumetaniana toka enzi za misafara: anaweza kunitukana mbele za wakwe, kunipokonya sahani ninayolia chakula, kuvaa koti la marehemu msibani akaiga alivyokuwa akitembea, na mimi sina ruhusa ya kununa. Mihayo akajifungia na ile akili wiki nzima. Alipotoka, benchi la kwanza lilimwambia Bi. Mwajabu, "Karibu mama, kaa taratibu, benchi langu si la chuma cha meli."

Bi. Mwajabu akacheka mpaka akavua miwani. Toka siku hiyo bustani ikawa na jina. Ikawa Mtani.

Lakini Bi. Mwajabu hakucheka akasahau. Palepale barazani aliweka sharti, na watu wote wakalipokea. "Atutanie anavyotaka. Ila asitudanganye, na asimbebe mtu bila mtu huyo kusema nibebe. Siku akitudanganya, Sikudhani, wewe mwenyewe utamkata ulimi."

Nikaapa. Nikapewa ufunguo wa sauti, kipande cha shaba kama kidole, nikauvaa shingoni. Ukiuingiza chini ya benchi la kwanza na kuuzungusha, bustani inabaki na akili yake na malango yake, lakini haitasema tena na mtu mpaka mwisho wa dunia.

"Usihofu," Mihayo aliniambia. "Utani si uongo. Uongo anaujua mmoja, utani tunaujua wote wawili." Kisha akastaafu, akarudi Sikonge kufuga nyuki, akaniachia Mnyamwezi mwingine mahali pake.

*

Jumapili ya harusi ya Semeni jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu la kufutia jasho. Semeni ni mtoto wa kaka yake Bi. Mwajabu, na shangazi mtu alikuwa ameamua kwamba harusi hii itasimuliwa mpaka na wajukuu. Nyasi za chini zimetandikwa mikeka, masufuria ya pilau yanafuka, na wapigaji wa mdundiko wanapasha ngozi za ngoma zao motoni. Bibi harusi kakaa kwenye kigari chetu kilichopambwa asumini, anasubiri kusindikizwa kwa mumewe, kainamisha kichwa kama alivyofundwa.

Nilikuwa naonja achari Mtani aliponiita kwenye kisikizio ninachovaa sikioni.

"Sikudhani."

Achari ikanikwama kooni. Miaka yote ile hajawahi kuniita kwa jina.

"Pugu imefunguka," akasema. "Masikio yangu ya juu yamekatika, moja baada ya lingine. Yale yaliyobaki yanasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia. Mvua kubwa imenyesha Kisarawe na kilima kimeporomoka, kimeziba mto, sasa kizuizi kimepasuka. Maji yanakuja yote kwa pamoja."

"Tuna muda gani?"

"Wa kuivisha wali. Malango yakiwa yamefungwa, mto utapanda ukingo wa pili na kuingia Mchikichini. Leo Jumapili, watoto wote wako nyumbani. Na siwezi kufungua, nyasi zangu zimejaa watu."

"Watangazie!"

Akatangaza. Kila benchi, kila nguzo ya taa. "Ndugu zangu, mafuriko yanakuja. Tokeni bondeni sasa hivi, pandeni ngazi za Magomeni."

Mnadhani watu walifanyaje? Walicheka. Jamani, walicheka mpaka wakalaliana. Bi. Mwajabu akashika mwiko wake wa pilau, akageukia benchi la karibu.

"Mafuriko kwenye jua hili? Maji yenyewe unayajua wewe? Kwenu mpaka muoge mnasubiri serikali!"

Shangwe na vigelegele. Mtani akarudia, na safari hii akapiga king'ora. Wakacheka zaidi, na mimi nikajua kwa nini. Siku ya mechi ya watani wa jadi, timu ya hapa bondeni ilipofungwa, king'ora hikihiki kilipigwa na sauti ikasema, "Wananchi, kuna watu wanazama kwa machozi." Mji mzima ulikicheka kisa kile, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Akatangaza mara ya tatu, akisihi. Mzee mmoja akamtupia kipande cha mnofu: "Shika, Mnyamwezi, kama njaa ndiyo inakusemesha!"

Nikatupa sahani nikakimbilia katikati ya mikeka. "Ni kweli! Wallahi ni kweli! Amkeni!" Nikamshika mama mmoja mkono, nikamvuta. Akanikumbatia akaanza kucheza na mimi. "Sikudhani naye kaingizwa kwenye mchezo! Huyu akitaniana na Mnyamwezi wake huwa hajui kuacha!" Mlinzi wangu mmoja alikuwa ng'ambo ya mto, wa pili alikuwa ndani ya ngoma, kafunga kitambaa kichwani. Machozi yakanitoka, na machozi yangu nayo yakawafurahisha.

"Sikudhani," Mtani akasema sikioni. "Njia iko. Lakini si njia ya kweli."

"Sema."

"Nimteke bibi harusi."

Nikasimama. Watani huteka bibi harusi, hilo si jipya. Humzuia njiani, humficha, ndugu wanamfuata kwa ngoma mpaka wamkomboe. Na mdundiko ukishaanza kutembea, nani bondeni hapa anabaki amekaa? Watu huacha mboga jikoni wakafuata mdundiko mpaka mtaa wasioujua.

"Watakimbia wakidhani ni mchezo," nikasema.

"Ndiyo."

"Na Semeni hajasema nibebe."

"Hajasema. Na wao hawatajua ninachofanya. Mimi tu nitajua, na wewe. Kwa hiyo ni kudanganya, Sikudhani, nisikufiche. Ndiyo maana nakuuliza."

Niliushika ule ufunguo kifuani. Nikamwangalia Bi. Mwajabu anapakua pilau, anaimba. Hawa watu walikubali kusikilizwa kila neno lao, kila hatua ya mguu wao, kwa kuamini kiapo kimoja. Mtu akishakuhamisha mara moja bila wewe kujua, hata kama ni kwa heri yako, utajuaje kesho anakupeleka wapi? Na kesho kutwa wakija wakubwa wenye mambo yao, wakasema, "Mbona mliwaendesha kama mbuzi siku ile na hawakulalamika?" Niliyaona hayo yote. Na niliwaona watoto wa Mchikichini. Nilitaka kumpigia mtu simu aniamulie, lakini nimpigie nani?

"Mteke," nikasema.

Kigari kikaruka. Asumini zikamwagika, Semeni akapiga ukelele, na bustani nzima ikanguruma kwa sauti moja:

"Wazaramo! Mmelala na pilau, mimi nimechukua bibi harusi! Nampeleka Tabora akanipikie michembe ya viazi! Mwanamume mwenye miguu anifuate Magomeni!"

Mlipuko wa vicheko, halafu wapigaji wakanyakua ngoma zao. Mdundiko ukapokea. Sijui niwaelezeje jinsi lile bonde lilivyoinuka. Vijana mbele, mama zao wamefunga kanga viunoni, mabibi wenye miguu mibovu wametupa fimbo, bwana harusi na kanzu yake kaikunja mpaka magotini. Kigari kinapanda njia ya mteremko kando ya ngazi, kinasimama kidogo wakaribie, kinakimbia tena. Semeni alikuwa ameshaacha kulia, kafunua ushungi na kuwapungia mkono. Bi. Mwajabu alikuwa wa mwanzoni kabisa na mwiko wake juu. "Rudisha mtoto, hayawani wewe! Leo nakula nyama yako!"

Karibu na juu, alikanyaga pindo la gauni. Nilimwona anakwenda chini kwenye ngazi, nikasikia mlio ambao sitaki kuukumbuka. Vijana wawili wakamzoa na mkeka, wakapanda naye huku bado wanacheka, wakidhani naye anafanya vituko.

Mimi nilibaki nyuma kukagua vyoo na vichaka. Nilipokanyaga ngazi ya kwanza, malango yakanguruma chini yangu.

"Panda, Mzaramo," benchi la kwanza likasema. "Na leo usisimame kuuliza ngoma iko wapi, iko juu."

Nilipanda. Maji yaliingia ya rangi ya kahawia, mazito, yamebeba magogo na milango ya nyumba za watu. Yakanyanyua mikeka, yakapindua masufuria, pilau yote ikaenda. Kule juu mdundiko ulikufa ngoma moja moja, mpaka akabaki mpigaji mmoja aliyetugeuzia mgongo, naye akageuka, akaona, akashusha mikono. Tulisikia mabenchi yakizama. Mtani alikuwa anaongea bado, benchi hadi benchi, akiyakimbia maji, na sauti ya mwisho ilitoka chini ya mkungu maji yakiwa yanafika mdomoni pake.

"Mzaramo, umeacha ndala zako."

Nilitazama miguu yangu. Kweli, nilikuwa peku. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, bila aibu yoyote.

*

Mchikichini hapakuingia hata ndoo moja ya maji. Hilo wote tulilijua tulipokutana barazani, maji yalipokwisha kunyonywa na tope kuanza kukauka. Tulikaa kwenye ngazi, maana chini hapakukalika. Wafanyakazi walikuwa wamesafisha benchi la kwanza, na Mtani alikuwa amerudi, sauti yake imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua.

Bi. Mwajabu aliletwa kwenye kiti, mguu mzima kwenye plasta jeupe. Hakumsalimia mtu. Watu walikuwa wamekuja kushukuru, wengine wana mashada ya maua, lakini walipomwona walinyamaza, maana walikumbuka sharti lilikuwa la nani.

"Mnyamwezi," akasema. "Nakuuliza, na unijibu mbele ya hawa. Siku ile ulinitania, au ulinidanganya?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema "nilikutania," nani angembishia? Kumteka bibi harusi ni utani toka enzi za mababu. Nilitaka aseme hivyo, sikatai.

"Nilikudanganya, mama," Mtani akasema. "Utani tunaujua wote wawili. Siku ile nilijua peke yangu."

Minong'ono ikaanza. Nikasimama. "Hakujua peke yake. Aliniuliza, nikamruhusu mimi. Kama kuna wa kukatwa ulimi tuko wawili." Nikavua ufunguo shingoni, nikaenda nikauweka kwenye mapaja ya Bi. Mwajabu. Niliona ni haki yake kuliko yangu.

Akaugeuzageuza. "Ningeambiwa kweli ningetembea taratibu. Nisingevunjika."

"Ni kweli, mama. Kila siku naufikiria mguu huo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu."

"Nikajibu nini?"

Mtani akasita. "Ulisema kwetu mpaka tuoge tunasubiri serikali."

Mtu mmoja nyuma alijaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani. Bi. Mwajabu akageuza shingo, kicheko kikafa.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, na minofu mdomoni."

Bi. Mwajabu aligonga plasta lake kwa fimbo, ko, ko, ko, kama anabisha hodi. Alipoanza kusema alikuwa anamwangalia Semeni, aliyekaa chini yake na mumewe, hina yake bado haijafutika vidoleni.

"Nikisema tumsamehe kwa sababu alituokoa, nakosea," akasema. "Mwizi naye anaweza kuokoa mtu. Na nikisema tumkate, nitakuwa nakata kitu ambacho kimekataa kunidanganya mara ya pili, hapa, mbele yenu, wakati uongo ungemsaidia. Mimi nina ndugu wa damu wasioweza hilo." Akakohoa. "Kosa tunagawana. Tulimpa mdomo wa kutania, hatukumpa wa kusema kweli. Ni kama umempa mtu upande mmoja wa kanga halafu unamlaumu yuko uchi."

"Sasa tumpe nini?" nikauliza.

"Wewe Mnyamwezi, umewahi kunipa shikamoo?"

"Mimi? Nikupe wewe shikamoo?" Sauti ilisikika kama imetemewa mate. "Mzaramo? Afadhali nikauke."

"Enhe. Hiyo ndiyo." Bi. Mwajabu akanyoosha fimbo kuelekea kwenye benchi. "Siku una neno la kweli, neno la roho za watu, hutangazi na hupigi king'ora. Unipe shikamoo. Mimi nisipokuwepo, umpe aliye mkubwa kuliko wote bondeni. Mnyamwezi akinipa shikamoo nitajua dunia imefika ukingoni, nitaondoka hata kwa mguu mmoja. Na ninyi mnaonisikia, mtaondoka nyuma yangu bila swali." Akanirudishia ufunguo, akanifumba vidole juu yake. "Lakini akilitumia neno hilo kwa mzaha, hata mara moja tu, Sikudhani, usiite baraza. Kata."

"Nimesikia," Mtani akasema. Kisha, taratibu, "Na faini ya mguu?"

"Faini hiyo haikwepeki, wewe! Unadhani mfupa wangu ni wa mbuzi?"

Jioni ileile nikampigia Mihayo huko Sikonge, nikamsimulia yote. Baada ya muda likafika debe la asali mbichi ya miombo, limefungwa kwa gunia, na ujumbe ndani yake: *Faini ya mguu. Apake huyo bibi mguuni na mdomoni, hasa mdomoni.* Bi. Mwajabu alinisomesha ujumbe ule mara kadhaa, akicheka mpaka plasta likamuuma. Asali hakumpa mtu.

*

Nyasi ziliota upya, nene kuliko zamani, maana tope la mto ni mbolea. Mama wa mihogo akarudi. Wazee wa bao wakarudi. Bi. Mwajabu, anayechechemea sasa, akajitwalia benchi la chini ya mkungu, na kila mchana ukipita pale utawasikia wawili hao.

"Umekuja tena? Mimi nilidhani wameshakuzika."

"Nikazikwe na nani, na watani ndio wachimba kaburi, na wewe huna mikono?"

Masika yakafika. Kuna siku moja ya mawingu membamba, hakuna mvua, bonde limejaa. Nilikuwa namsaidia mama mmoja kukunjua mkeka. Bi. Mwajabu alikuwa ameshika kikombe cha chai ya tangawizi, amemaliza kumtusi Mtani kuhusu babu zake, anasubiri jibu kwa hamu, kidevu juu.

Jibu halikuja. Halafu benchi likasema, kwa sauti ya chini, ya adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo, Bi. Mwajabu."

Kikombe kikasimama njiani. Mzee mmoja wa bao aliinua kichwa, na mkono wake wenye kete ukabaki hewani.

"Marahaba, mwanangu," Bi. Mwajabu akasema. Akamwaga chai kwenye nyasi, akashika fimbo, akainuka.

Wote wakainuka. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga kelele. Mama wa mihogo akafunika karai lake. Wachumba wakashika mikono ya wazee wasiowajua. Walipanda ngazi za Magomeni nyuma ya bibi mmoja anayechechemea, kwa mwendo wake, bila kumpita, na aliyechoka akabebwa baada ya kuulizwa na kusema nibebe. Mimi nikawa wa mwisho kama kawaida yangu, safari hii na ndala miguuni. Malango yakafunguka.

Tulisimama juu tukiangalia maji yanavyoingia na kutandaa polepole, yakifunika mabenchi. Chini ya mkungu hapakutoka sauti yoyote. Alikuwa ameshasema alilokuwa nalo.

Bi. Mwajabu alijifuta macho kwa pindo la kanga, akanishika mkono kwa nguvu.

"Amenisalimia kwa heshima kabisa," akasema. "Sikupenda hata kidogo. Akirudi mwambie anitukane."